Wati elfu kumi na mziki bado umelala: tuelewane kuhusu ufanisi wa spika

Hii mada inaleta ubishi usioisha, maana mtu akinunua spika mpya cha kwanza anachokutajia ni wati. "Yangu wati elfu kumi." Mwenzie anajibu ya kwake elfu kumi na mbili na kaipata kwa ofa Kariakoo. Halafu ukienda kusikiliza unakuta sabufa inavuma, vioo vya dirisha vinatetema, ila mwimbaji humsikii anasema nini na gitaa la rizimu limepotea kabisa. Wakati huohuo kuna mzee mtaa wa pili ana maboksi mawili makubwa ya mbao yaliyochakaa, amplifaya yake haifiki hata wati ishirini, akiweka wimbo uleule unaoujua tangu utotoni unahisi bendi imehamia sebuleni kwake. Watu wanasema aah, vitu vya zamani vilikuwa orijino. Hapana, sababu ipo, inaelezeka, na uzamani hauhusiki kabisa.

Tuweke maneno sawa kwanza maana hapa ndipo tunapopotezana. Wati ni kiasi cha umeme ambacho amplifaya inaipa spika. Hicho ndicho kinachoingia. Kinachotoka ni sauti, na sauti inapimwa kwa desibeli. Sasa kuna namba moja inayounganisha hivi viwili, yaani ukiipa spika wati moja inakurudishia sauti kiasi gani, na hiyo ndiyo inaitwa sensitiviti, kipimo cha ufanisi wa spika. Inapimwa kirahisi tu: spika inapewa wati moja, maiki inawekwa mita moja mbele yake, wanasoma desibeli. Spika ndogo za nyumbani nyingi ziko kati ya 84 na 88. Maboksi ya harusini yale yenye wufa (ile spika kubwa ya besi) ya inchi 15 yanacheza kwenye 95 mpaka 99 hivi. Zile zenye mdomo uliopanuka kama tarumbeta zinaweza kupita 100. Ukiona karatasi ya maelezo imeandika "dB" halafu "1W/1m", ndiyo hiyo namba ninayoisema, na kwa maoni yangu ni muhimu kuliko wati zote zilizobandikwa kwenye boksi.

Kwa lugha ya jikoni: wati ni mkaa, spika ni jiko. Kopo moja la mkaa kwenye jiko la bati la kawaida joto linatorokea pembeni na maharage hayaivi, kopo hilohilo kwenye jiko banifu maharage yanaiva na moto unabaki wa kuchemshia chai. Sijawahi kuona mtu anajisifu kwamba jiko lake linakula debe zima, lakini kwenye spika ndicho tunachofanya kila siku tunapotajiana wati.

Na joto hapa ni joto kweli, ukiweza kulishika utaungua. Ndani ya spika kuna koili ya waya wa shaba au aluminiamu imekaa katikati ya sumaku, umeme ukipita koili inasukumwa mbele na nyuma, inavuta ile karatasi ya duara unayoiona mbele ya spika, karatasi inasukuma hewa. Sasa hewa ni nyepesi mno kwa karatasi na koili, kwahiyo sehemu kubwa ya umeme haiendi kwenye hewa, inabaki kwenye koili kama moto. Kwa makadirio spika ya desibeli 84 inageuza kama asilimia 0.16 tu ya umeme kuwa sauti. Ya 96 inageuza kama asilimia 2.5. Yaani hata ile nzuri bado zaidi ya asilimia 97 inaishia kuwa joto! Lakini tofauti kati ya 0.16 na 2.5 ni mara kumi na sita, na hiyo sio tofauti ya kuchekea.

Desibeli zenyewe zina hesabu yake ambayo inachanganya watu, nayo ni fupi. Ukiongeza desibeli 3 maana yake umedabo wati. Ukiongeza desibeli 10 maana yake wati mara kumi, ila sikio la binadamu linasikia kama sauti imeongezeka mara mbili tu hivi. Kwahiyo mtu anayetoka amplifaya ya wati 100 kwenda ya wati 200 kaongeza desibeli 3 tu, atatumia laki kadhaa na atasikia mabadiliko madogo ajabu. Anayetoka spika ya 84 kwenda ya 96 kwa amplifaya ileile ni kama kabadilisha wati 10 kuwa 160, na hajagusa amplifaya.

Sawa, sasa mbona wimbo ninaoujua unasikika kama mpya?

Hapa tunaingia kwenye neno la pili, dainamiki, nalo lina maana mbili na wauzaji wanazichanganya makusudi. Ukiona boksi limeandikwa ni spika ya dainamiki, mara nyingi wanamaanisha tu kwamba ina koili na sumaku, mtindo ambao Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric kule Marekani waliuchapisha mwaka 1925 na mpaka leo karibu kila spika unayoijua, ya simu, ya daladala, ya redio, imejengwa hivyo. Kwa maana hiyo hata kispika cha elfu tano ni cha dainamiki. Maana ya pili ndiyo yetu leo: dainamiki ya mziki ni umbali kati ya sauti ndogo na sauti kubwa ndani ya wimbo mmoja. Mwimbaji anaponong'ona halafu anapaza. Tumba inapoguswa kwa kidole halafu inapopigwa kofi. Huo umbali ndio unaofanya mziki upumue.

Chukua rekodi nzuri ya vyombo vya mkono, ngoma, magitaa, tarumbeta. Wastani wa sauti yake na kile kilele cha mpigo wa ngoma vinaweza kupishana desibeli 20. Desibeli 20 ni wati mara mia. Tuseme unasikiliza kwenye ile spika ya 84 na wimbo kwa wastani unakula wati moja, sauti ya kawaida tu iliyochangamka. Mpigo wa ngoma ukifika, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, spika inataka wati 100. Amplifaya yako ya mezani ina 30 za kweli. Kitatokea nini? Kile kilele kinakatwa kichwa. Husikii kwamba kimekatwa, unasikia tu kwamba ngoma ni laini, haina kofi, imekaa nyuma ya pazia, na kwa kuwa wimbo umeusikia hivyo miaka ishirini unadhani ndivyo ulivyorekodiwa. Sasa weka spika ya 96. Sauti ileile ya wastani inakula chini ya moja ya kumi ya wati, na kilele kinataka wati 6 na kidogo. Amplifaya ya 30 haijatoka hata jasho. Kofi la tumba linatoka zima, unashtuka, unasema mbona wameongeza chombo. Hawajaongeza kitu.

Hii ndiyo sababu mziki wa zamani wa dansi unabadilika sana kwenye spika za namna hii. Zile rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam bendi ilikuwa inaingia studio nzima, maiki chache, wanapiga pamoja kwa wakati mmoja kama wako jukwaani, hakuna habari ya kurekodi gitaa leo na sauti wiki ijayo. Ni mono, besi sio ya kutisha, lakini mpishano wa sauti ndogo na kubwa upo mle ndani mzima. Kwenye simu au kispika cha bluetooth unasikia mwimbaji na solo, basi. Kwenye spika yenye ufanisi unaanza kusikia manyanga yakichezwa kwa makali tofauti tofauti, mpiga rizimu anakaza pale chemko inapoanza, saksafoni zinaingia kwa pumzi kabla ya sauti. Na gitaa la besi, jamani, besi inaimba! Watu wengi hawajui kwamba kwenye rumba ya Kongo na dansi la Bongo besi ina melodi yake kabisa, kwa sababu sabufa ndogo nyingi zina tundu lililotuniwa kuvuma kwenye noti moja, kwahiyo mpiga besi akipanda akishuka wewe unasikia "vuu vuu vuu" ileile. Mziki wa Franco na TPOK Jazz una gitaa la solo, la mi-solo na la rizimu yanajibizana, na kwenye mfumo uliobanwa yanakuwa uji mmoja. Yakitenganishwa unaanza kumfuata mmoja mmoja, na sebene ambayo ulikuwa unaichezea tu unajikuta umekaa kuisikiliza.

Taarab asilia nayo vilevile, tena zaidi. Kanuni ni chombo cha kudonolewa, kila noti inaanza kwa ncha kali mno halafu inafifia haraka, na ile ncha ndiyo inayokufanya ujue ni kanuni na sio kinanda. Spika ikiikata ncha unabaki na mkia. Sikiliza Culture Musical Club ya Zanzibar kwenye mfumo unaoweza kuachia ncha zote halafu rudi kwenye simu, utaona simu ilikuwa inakupa muhtasari tu.

Kuna jambo la pili la kiufundi ambalo halisemwi madukani. Koili ikipata moto, ukinzani wa shaba unaongezeka, kama asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya joto. Koili ikipanda digrii 100, na kwenye sherehe inapanda zaidi ya hapo, ukinzani umeongezeka karibu asilimia 40, umeme unaoingia unapungua, na unapoteza desibeli 2 mpaka 3 bila kugusa kitufe chochote. Ndio maana kwenye shughuli saa tatu usiku mziki ulikuwa mkali, saa sita umekuwa mzito umedumaa na DJ anaendelea kuongeza, na kadri anavyoongeza ndivyo koili inavyozidi kuiva. Spika yenye ufanisi mkubwa inahitaji umeme mdogo kwa sauti ileile, kwahiyo koili yake iko baridi, kwahiyo mpigo wa mwisho wa usiku unafanana na wa kwanza.

Vispika vya kuchaji vya siku hizi vina mbinu yao tofauti. Ndani kuna kompyuta kandogo kanachunga karatasi isichanike. Ukiwa sauti ya chini kanaongeza besi uridhike, ukipandisha kanaanza kuipunguza kimyakimya na kubana vilele. Jaribu mwenyewe: pandisha polepole kwenye wimbo wenye besi, utafika mahali sauti inapanda lakini besi haifuati, na mwimbaji na ngoma wanakuwa kimo kimoja. Ni ujanja mzuri kwa kitu cha kubeba ufukweni, siudharau hata kidogo. Ila dainamiki hapo imeshauzwa ili kununua udogo.

Kilichotangulia ni ufanisi, wati zimekuja baadaye

Siti binti Saad alirekodi santuri zake Bombay mwaka 1928, na zile santuri zilipigwa kwenye magramafoni ya kukoroga kwa mkono. Fikiria hilo. Hakuna umeme hata kidogo. Wati sifuri. Sindano inatikiswa na mfereji wa santuri, inatikisa kiwambo chembamba, na kile kitetemo kinapitia kwenye mdomo uliopanuka polepole, uwe wa nje kama ua au umefichwa ndani ya boksi, na watu waliojaa barazani wanasikia. Huo mdomo ndio siri yote. Hewa ni nyepesi, kiwambo ni kizito, havielewani, mdomo unaopanuka unavisuluhisha hatua kwa hatua ili nguvu ipite badala ya kurudi. Siwa na baragumu za pwani ni fizikia hiyohiyo, mtu mmoja anapuliza kwa mapafu yake na mji mzima unajua kuna jambo. Vile vipaza sauti vya juu ya msikiti pia ndivyo hivyohivyo, wati chache na sauti inafika kitongoji cha jirani, ingawa vimetengenezwa kwa ajili ya maneno sio besi.

Sinema zilipoanza kuongea mwishoni mwa miaka ya 1920, amplifaya za valvu zilikuwa dhaifu mno ukilinganisha na ukumbi wa watu elfu na zaidi. Hakukuwa na njia ya kuongeza wati, kwahiyo mainjinia wa Western Electric na wenzao wakaongeza ufanisi, wakajenga midomo mikubwa ya mbao na chuma nyuma ya pazia. Mwaka 1946 Paul Klipsch akaanzisha kampuni yake mji wa Hope, Arkansas, akiuza spika inayokaa kwenye kona ya chumba ili kuta zenyewe ziwe sehemu ya mdomo, na kampuni inaitaja kwa sensitiviti ya desibeli 105. Wati moja tu hapo na majirani wameshajua una mgeni.

Kilichotokea baadaye ni watu kutaka vitu vidogo. Mwaka 1954 Edgar Villchur na Acoustic Research yake walileta AR-1, boksi dogo lililozibwa kabisa na bado likashuka kwenye besi ya chini sana, kitu ambacho kabla yake kilihitaji kabati. Gharama yake ilikuwa ufanisi. Amplifaya za transista zilipokuja na kushuka bei, wati zikawa nyingi na rahisi, na dunia ikaamua ni heri kuchoma wati kuliko kujaza sebule maboksi. Mimi nawaelewa kabisa, chumba cha kupanga Sinza hakina nafasi ya kabati la kona. Josef Anton Hofmann, ile H ya mwisho kwenye jina la kampuni ya spika ya KLH, ndiye anayetajwa kwa ile kanuni ambayo watengeneza spika wote wanaijua: boksi dogo, besi ya chini, ufanisi mkubwa, chagua viwili. Vitatu hupati. Kwahiyo mtu akikuuzia kiboksi cha kushika mkononi chenye besi ya kuzimu na sauti ya uwanjani kwa wati chache, mwambie asante kaka, pita zako.

Yanayosemwa mtaani

"Spika za ufanisi ni za makelele." Hili ndilo linalonikera zaidi. Sauti inaongozwa na kitufe, sio na spika. Tofauti niliyoieleza juu inasikika kwenye sauti ile ya kawaida iliyochangamka kwa sababu vilele vipo hata hapo. Ila na mimi sitaki kuwapamba kupita kiasi: kwenye sauti ya chini kabisa ya usiku, watoto wamelala, tofauti inapungua, maana hata spika nzito hapo haijachoka wala amplifaya haijabanwa. Tena kwa sauti hiyo masikio yenyewe yanapoteza besi, Harvey Fletcher na Wilden Munson walishalionyesha mwaka 1933, na ndio sababu redio za zamani zilikuwa na kile kitufe cha laudnesi ambacho watu wengi walikiacha kimebonyezwa mwaka mzima. Kinachobaki kuzisaidia spika za mdomo mpana usiku ni kwamba zinaelekeza sauti kwako zaidi kuliko kwenye kuta na dari, kwahiyo maneno yanasikika wazi.

"MP3 ndiyo imeua dainamiki." Watu wanachanganya kubana faili na kubana sauti. MP3 inapunguza ukubwa wa faili kwa kutupa vitu ambavyo sikio halivikamati sana, haigusi umbali kati ya kidogo na kikubwa. Anayeua dainamiki ni mtu wa masteringi, yule anayeumalizia wimbo kabla haujatoka, anapoubana mpaka kila kitu kiwe juu muda wote ili usikike mkali kuliko wa jirani. Singeli na bongo fleva nyingi za sasa zimebanwa hivyo, vilele vimebaki desibeli chache tu juu ya wastani. Hapo spika yenye ufanisi haiwezi kukurudishia kilichokatwa studio, tena itakuonyesha wazi kwamba kimekatwa, na utachoka mapema. Kibaya zaidi siku hizi ule ushindani hauna maana, Spotify na YouTube zinashusha zenyewe nyimbo zilizozidi kiwango, kwahiyo wimbo uliobanwa unabaki kubanwa na ukali wenyewe haupo.

"Amplifaya kubwa itaunguza spika." Inaweza, ukiilazimisha. Lakini mafundi wanajua twita (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) nyingi zinazoletwa zimeungua zimeuliwa na amplifaya ndogo iliyopandishwa mpaka mwisho. Ikiishiwa pumzi inakata vilele na kuwa bapa, wimbi bapa lina nguvu nyingi za juu ambazo hazikuwepo kwenye wimbo, zote zinaenda kwa twita yenye waya mwembamba kama unywele. Ukisikia mziki unakwaruza, punguza. Usisubiri harufu.

Na ile ya PMPO, yaani zile wati za kutisha zinazobandikwa mbele ya boksi. Hii haina kanuni, kila mtu anaandika anachotaka. Geuza kifaa nyuma usome kinakula umeme kiasi gani. Kama mbele wameandika 12,000W na nyuma kimeandikwa 60W, basi kwa mfululizo hakiwezi kutoa zaidi ya hizo 60, na ukweli ni chini ya hapo kwa sababu na amplifaya nayo inapoteza. Kama kinatumia adapta, zidisha volti kwa ampia: 12V na 2A ni wati 24. Betri na kapasita zinaweza kusaidia kwa kilele kifupi, ila elfu kumi na mbili hazitoki popote. Namba inayofaa ni ile ya RMS, yaani wati za mfululizo, na hiyo pia ukiisoma isome pamoja na desibeli za sensitiviti.

Hata desibeli zina ujanja wake kwahiyo fungua macho. Wengine wanaandika 2.83V badala ya 1W. Kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani) ni kitu kilekile, lakini kwa ya omu 4 hizo volti ni wati mbili, kwahiyo wamejiongezea desibeli 3 za bure. Ukiona omu 4 na 2.83V, toa 3 kichwani ndio ulinganishe na nyingine.

Spika zenye ufanisi zina kasoro zake, naam. Midomo iliyotengenezwa vibaya inafanya mwimbaji aimbe puani au kwenye kopo. Kama amplifaya yako ina mlio wa "shsss" hata wimbo ukiwa kimya, spika ya 100 itakupigia huo mlio vizuri sana. Maboksi ya harusini yanatoa kofi la kifua lakini besi ya chini kabisa mengi hayaifikii. Na kuna hatari moja ya masikio: mfumo usiokwaruza haukupi ishara kwamba umezidisha. Tumezoea kupunguza pale sauti inapoanza kuchafuka, hapa haichafuki. Taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, inaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila ukiongeza 3 muda unakatwa nusu, kwahiyo 94 ni saa moja tu. Pakua programu ya kupima kelele kwenye simu, haipimi kwa usahihi wa maabara ila itakushtua.

Ukienda dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue Nairobi, nenda na wimbo wako wa vyombo vya mkono unaoujua mpaka pale mpiga ngoma anapokosea, sio huo anaokuwekea muuzaji, maana wake umechaguliwa kwa kuvuma. Linganisha spika mbili kwa sauti inayolingana masikioni, kwa sababu ile inayosikika juu kidogo tu itaonekana bora hata kama sio. Mwambie apunguze. Halafu msikilize mpiga besi peke yake dakika moja: kama noti zake zinapishana unaweza kuzifuata, endelea, kama ni mvumo mmoja ondoka. Kama bajeti haipo, tafuta maboksi ya mitumba ya kumbi yenye wufa ya inchi 12 au 15, bonyeza karatasi taratibu kwa vidole vilivyotandazwa usikie kama koili inakwaruza ndani, angalia mpira wa pembeni haujapasuka, unganisha na amplifaya yoyote safi hata ya wati 15. Na kama ukifika nayo nyumbani besi inaonekana chache, yasogeze kwenye kona za chumba kwanza, kuta zinaongeza besi bure, ndipo ufikirie kununua sabufa.